"Kama sikosei": maneno niliyoyafuta kwenye kitabu cha mtu mwingine

Mwanamke yule alikuja ofisini siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili na nakala ya kitabu ambacho mimi ndiye niliyekihariri. Alisalimia vizuri, akaketi, akaomba maji ya kunywa, kisha akafungua kitabu kwenye ukurasa aliouwekea kipande cha kalenda kuwa alama, akanisomea sentensi moja taratibu. Sentensi hiyo ilisema kwamba mtunza ghala wa chama cha ushirika, aliyetajwa kwa majina yake yote matatu, alitoweka na fedha za wakulima wa pamba mwaka 1988 na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Alipomaliza kusoma alitoa kwenye bahasha cheti cha kifo cha baba yake, akakilaza juu ya meza na kukigeuza ili maandishi yanielekee mimi. Kilikuwa cha Novemba 1987.

"Mwaka huo mnaousema, kaka, baba alikuwa kaburini," aliniambia. "Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nilitupia udongo kwa mkono wangu."

Mwandishi wa kitabu kile hakuwa mwongo, na nasema hivyo nikiwa nimemjua kwa miaka mingi. Alikuwa mhasibu mstaafu aliyetaka wajukuu wake wajue alikopita, na nilipompigia simu mchana ule alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika, kisha akakumbuka kwamba watunza ghala walikuwa wawili, mmoja alimrithi mwenzake, na wote wawili waliitwa kwa jina moja la kwanza. Alikuwa amewaunganisha wakawa mtu mmoja. Alilia kwenye simu, mzee wa miaka sabini na tisa. Lakini kilichoniumiza zaidi nilikikuta jioni, nilipotoa kabatini mswada wake wa kwanza, ule uliopigwa chapa na mjukuu wake. Humo sentensi ile haikuwa kama nilivyosomewa asubuhi. Mzee alikuwa ameandika: "Kama sikosei ni yule mtunza ghala wetu, nadhani ilikuwa 1988, maana mimi nilikuwa likizo na ndivyo nilivyosikia." Maneno *kama sikosei*, *nadhani* na *ndivyo nilivyosikia* yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, palikuwa na maneno mawili: punguza kusitasita.

Nimeandika haya kwa sababu kila mara mjadala wa ukweli katika vitabu vya kumbukumbu unapozuka, huanzia kwa mwandishi mlaghai na kuishia kwake. Mlaghai yupo, nami nitamtaja. Hata hivyo jeraha la yule dada halikusababishwa na mlaghai. Lilisababishwa na mzee mkweli aliyeonyesha wazi mahali anapositasita, na mhariri aliyeona kusitasita huko ni doa la lugha.

Watu wengi wasiofanya kazi hii huamini kwamba kitabu kikishatoka kwa mchapishaji, hasa mchapishaji mkubwa wa ng'ambo, basi kuna mtu aliyekaa na kuhakikisha yaliyomo. Kwa kawaida hakuna. Majarida machache ya Marekani, The New Yorker likiwa ndilo maarufu zaidi, yana idara nzima ya watu ambao kazi yao ni kumpigia simu kila anayetajwa na kuuliza kama gari lake kweli lilikuwa jeupe. Wachapishaji wa vitabu hawana utaratibu huo. Mwandishi anayetaka kitabu chake kihakikiwe mara nyingi humtafuta mhakiki mwenyewe na kumlipa mwenyewe. Kilichopo ni kifungu cha mkataba ambamo mwandishi anaapa kwamba aliyoyaandika ni kweli na kwamba likitokea la kutokea atalibeba yeye, na juu ya hapo kuna wakili anayesoma mswada. Wakili huyo, nimewaona wakifanya kazi, hasomi akitafuta uongo. Anasoma akitafuta nani anaweza kushtaki. Katika sheria ya Uingereza na ya Marekani marehemu hawezi kudai fidia ya kashfa, kwa hiyo kadiri anayetajwa alivyokufa zamani, ndivyo wakili anavyopumua. Utaratibu wote umejengwa kumlinda mchapishaji dhidi ya walio hai na wenye uwezo, na maskini aliyekufa, asiye na mtu wa kumsemea ila binti aliyekuwa darasa la tatu, hayumo kabisa katika hesabu.

Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko vyote ni cha mwandishi wa Kimarekani, James Frey. Mwaka 2003 kampuni ya Doubleday ya New York ilichapisha kitabu chake A Million Little Pieces, kikiuzwa kama kumbukumbu za kweli za mtu aliyezama katika ulevi na dawa za kulevya akaokoka. Septemba 2005 mtangazaji wa televisheni Oprah Winfrey alikichagua kwa klabu yake ya vitabu, kikauzwa kwa mamilioni. Januari 2006 tovuti ya The Smoking Gun, ambayo kazi yake ilikuwa kuchimbua nyaraka za polisi na za mahakama, ilitoa uchunguzi mrefu ulioonyesha kwamba sehemu muhimu hazikutokea. Mahali alipodai kukaa jela karibu miezi mitatu, nyaraka zilionyesha kwamba alishikiliwa kwa saa chache tu. Mwanzoni Oprah alimtetea kwa kupiga simu katika kipindi cha televisheni cha Larry King akisema ujumbe wa kitabu bado unamgusa. Wiki mbili baadaye, tarehe 26 Januari, alimwita Frey na mchapishaji wake Nan Talese mbele ya kamera na kuwahoji wote wawili.

Mazungumzo ya siku ile hukumbukwa kwa sababu ya aibu ya Frey. Mimi ninachokikumbuka ni upande wa mchapishaji. Talese aliulizwa kampuni yake ilifanya nini kuthibitisha habari zile, na jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa kwamba aliusoma mswada na akauamini. Nilipolisikia mara ya kwanza nilikuwa mhariri kijana na nililiona jibu la ajabu. Leo siwezi kumhukumu, kwa sababu ndilo jibu ambalo ningempa yule dada kama angeniuliza. Nilisoma, nikaamini.

Baada ya hapo zikaja kesi za wasomaji, na kampuni ikakubali kurudisha fedha. Masharti ya kurudishiwa yananikaa kichwani mpaka sasa: aliyenunua chapa ya jalada gumu alitakiwa kukata ukurasa wa 163 na kuutuma kwa posta pamoja na kiapo kwamba asingekinunua kitabu kama angejua si cha kweli. Zilitengwa dola milioni 2.35. Waliodai ni watu 1,729. Wengine wote walibaki na kitabu chao rafuni. Kwa hiyo tukisema kwamba msomaji atauadhibu uongo kwa mfuko wake, tunasema jambo ambalo halikutokea hata katika kashfa kubwa kuliko zote za aina hii.

Tena katika kisa hicho kuna sehemu ambayo husemwa kwa nusu sentensi, ilhali kwangu ndiyo nzito kuliko jela ya kubuni. Frey alijiingiza katika habari ya ajali ya treni iliyochukua maisha ya wasichana wa shule katika mji alikokulia, akajieleza kama mtu ambaye mji mzima ulimlaumu. Ajali ilikuwa ya kweli, mwaka 1986. Uchunguzi haukuona uhusiano wowote kati yake na ajali hiyo. Fikiri wewe ni mzazi uliyezika binti, na miaka karibu ishirini baadaye msiba wako unauzwa madukani ukiwa pambo la maisha ya mtu ambaye hakuwepo. Msomaji aliyedanganywa alipoteza bei ya kitabu. Mzazi huyo hakuwa na ukurasa wa kukata na kutuma.

Huku kwetu tunakumbuka kisa kingine, nacho kilipita kasi zaidi kwa sababu wasomaji wenyewe ndio waliokuwa wahakiki. Mwaka 2016 mwigizaji wa Kiskoti, Louise Linton, alitoa kwa gharama zake kitabu cha kumbukumbu za miezi yake nchini Zambia akiwa na umri wa miaka 18, na gazeti la The Telegraph la London likachapisha dondoo. Alijieleza kama mzungu mwembamba mwenye nywele ndefu za malaika, akijificha kutoka kwa waasi wa vita vya Kongo waliovuka Ziwa Tanganyika, katikati ya misitu yenye buibui wa futi moja. Wazambia walioisoma dondoo ile mtandaoni hawakusubiri tume yoyote. Walimkumbusha kwamba Zambia ilipokea wakimbizi wa vita lakini haikuwa uwanja wa vita hivyo, wakamwuliza msitu huo na masika hayo aliyoyapamba ameyaona wapi. Gazeti liliondoa dondoo, ubalozi wa Zambia mjini London ulilalamika, mwandishi akaomba radhi na kitabu kikaondolewa sokoni.

Ziwa lile si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Meli ya MV Liemba ilikuwa ikitoka Kigoma hadi Mpulungu upande wa Zambia, ikisimama vijijini kupakia dagaa, mananasi na abiria, na kati ya wachuuzi waliopanda meli ile angepatikana mtu wa kumsomea ukurasa mmoja tu na kuuliza: ilikuwa hivi? Swali hilo la bure halikuulizwa, kwa kuwa wakazi wa mwambao ule walikuwemo kitabuni kama mandhari. Haikuwahi kufikiriwa kwamba nao wangekisoma. Nawaheshimu sana wasomaji wale wa Zambia. Hata hivyo siwezi kujenga kazi yangu juu ya hasira ya umma, kwa sababu mtunza ghala wangu hakuwa na umma. Kitabu chetu kilichapwa nakala 500, na aliyekasirika alikuwa mtu mmoja, naye alichelewa miaka miwili kukiona.

Nataka sasa niseme kuhusu kumbukumbu zenyewe, kwa sababu kuna watu wanaodhani uhakiki ni uadui dhidi ya wazee.

Baada ya mkasa ule nilipokea mswada wa mwalimu mstaafu wa Morogoro. Sura ya tatu ilieleza jinsi alivyopokea mshahara wake wa kwanza mwaka 1963, akasafiri kwenda kijijini na kumkabidhi mama yake noti mpya ya shilingi ishirini yenye picha ya Mwalimu Nyerere. Ilikuwa sura nzuri, na miaka michache kabla ya hapo ningeipitisha bila kupepesa macho. Lakini noti za kwanza zenye sura ya Nyerere zilitolewa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 1966. Kabla ya hapo tulitumia shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na bodi ya sarafu ya wakoloni, na katika mwaka 1963 noti hizo zilikuwa bado na picha ya Malkia Elizabeth. Nilifunga safari nikaenda kumwona.

Tulikaa kibarazani kwake. Nilimweleza kwa adabu niliyoiweza. Aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, umetoka Dar es Salaam kuja kuniambia mimi ni mwongo?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja kukuambia kwamba noti hiyo haikuwepo bado."

Hakujibu. Alimwita mkewe, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyeonewa: huyu kijana anasema sikumpa mama noti. Bibi alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye khanga, akasimama mlangoni, akasikiliza habari yote, kisha akasema bila haraka: "Ile ya Mwalimu ulimpa ulipopandishwa daraja, tulikuwa na mtoto wa kwanza tayari. Ya mshahara wa kwanza ilikuwa na yule mama wa Kizungu. Si mama ndiye aliyekuuliza, huyu si mlisema ameondoka?"

Mzee alitazama uani kwa muda. Halafu akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, maana ilimrudia yote: mama yake ameshika noti kwa ncha za vidole viwili, uhuru una mwaka wa pili, na sura ya Malkia bado inatazama kutoka mkononi mwake. Barua ya kupandishwa daraja aliikuta kwenye sanduku la bati. Ilikuwa ya 1967. Akili yake ilikuwa imezikutanisha siku mbili za furaha na kuzivika sura moja, ile iliyompendeza zaidi. Sura ya tatu aliiandika upya yeye mwenyewe, na swali la mama yake ndilo linaloifungua. Swali lile lingepotea daima kama ningemwonea haya na kunyamaza.

Ndiyo maana siafikiani na wale wanaosema kwamba kumbukumbu ni hisia na hisia hazihakikiwi. Mzee hakupunguziwa kitu. Alirudishiwa mama yake.

Hapo lakini pana kisa kigumu zaidi, ambacho nimekigeuzageuza kwa miaka bila kukipatia mahali pa kukaa vizuri. Mwaka 1983 ilichapishwa simulizi ya Rigoberta Menchú, mwanamke wa Kimaya kutoka Guatemala, aliyoisimulia jijini Paris kwa mwanaanthropolojia Elisabeth Burgos. Mwaka 1992 Menchú alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanaanthropolojia wa Kimarekani, David Stoll, alitoa utafiti kwamba baadhi ya mambo aliyoyaeleza kama shahidi wa macho hakuyashuhudia, likiwemo la mdogo wake kuchomwa moto hadharani na wanajeshi familia ikitazama, na kwamba alikuwa amesoma shule ya masista ingawa kitabu kilisema hakusoma. Kwamba mdogo wake aliuawa na jeshi si jambo linalobishaniwa. Baba yake alikufa ndani ya ubalozi wa Hispania ulioteketea tarehe 31 Januari 1980. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria mwaka 1999 kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kutoweka katika vita vile, na kwamba dola ndiyo iliyohusika na sehemu kubwa mno ya ukatili huo. Kamati ya Nobel haikumnyang'anya tuzo, na nadhani ilifanya sawa.

Menchú alikwisha kusema mwanzoni kabisa mwa simulizi yake kwamba kisa chake ni kisa cha watu wake wote, na waliomtetea walieleza kwamba katika jamii yake "mimi" hubeba wengi. Hoja hiyo naielewa, kwa kuwa hata bibi zetu husimulia njaa ambazo mama zao ndio waliozipitia, wakisema "tulikula mizizi". Simuweki Menchú benchi moja na Frey. Mmoja alikuza maumivu yake ili auze, mwingine alikusanya maumivu ya watu wake ili yasikike. Hata hivyo neno *niliona* lina uzito wake. Mtu akisema niliona, amekaa kwenye kiti cha shahidi. Gharama ya kulitumia pasipo mahali pake ililipwa na wajane wa Guatemala, maana waliotaka kukanusha mauaji yale walipewa mlango wa kupitia. Kama mhariri wa Paris angeliweka "niliambiwa na mama" mahali pake, ushahidi ule usingepungua hata chembe.

Mlango wa namna hiyo ndio uliofunguliwa na Misha Defonseca, naye sina huruma naye. Mwaka 1997 alichapisha habari za mtoto wa Kiyahudi aliyevuka Ulaya ya vita kwa miguu akilelewa na mbwamwitu. Mwaka 2008 alikiri kwamba hakuwa Myahudi na kwamba safari ile haikuwepo. Kilichomfichua ni karatasi za kawaida kabisa, cheti cha ubatizo na daftari la shule ya Brussels lenye jina lake katika miaka ambayo alidai yuko porini. Kilichohitajika ni mtu wa kwenda kuomba daftari, na kwa miaka kumi na moja, huku kitabu kikitafsiriwa na kutengenezewa filamu, wachapishaji hawakumtuma mtu huyo.

Kiswahili kwa upande wake kina utajiri wa maneno ya kupimia ujuzi wa msemaji: nasikia, inasemekana, yasemwa, nilisimuliwa, wallahi nimeona kwa macho yangu haya. Mtu aliyelelewa pwani amesikia tangu chuo cha Kurani jinsi hadithi ya Mtume inavyotanguliwa na majina ya walioipokea, fulani kutoka kwa fulani, ili msikilizaji ajue ameegemea nani. Tunayo mapokeo ya kuhakiki yaliyo makongwe kuliko idara yoyote ya New York, na bado sisi wahariri tunayakata kwa sababu tumefundishwa kwamba nathari nzuri haisitisiti.

Hata katika tawasifu kongwe ya Kiswahili tuliyonayo, ile ya Hamed bin Muhammed el Murjebi aliyejulikana kama Tippu Tip, unaweza kuona faida ya kulinganisha. Alisimulia safari na biashara zake, zikiwemo za pembe na watumwa, kwa tarehe chache sana, na wanahistoria wa baadaye ndio waliolazimika kuzipanga. Yeye na Henry Morton Stanley wote wameacha maelezo ya mapatano yao ya mwaka 1876 huko Manyema, na hawakubaliani kuhusu malipo yaliyoahidiwa. Kwa miaka mingi dunia ilisoma upande mmoja tu. Tena Stanley huyo aliandika kwamba alikutana na Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone inaiweka siku hiyo mwishoni mwa Oktoba. Na ile salamu maarufu iliyoenea dunia nzima, "Daktari Livingstone, nadhani?", haimo katika maandishi ya Livingstone, na kurasa za shajara ya Stanley za siku ile zimechanwa. Katika maelezo ya Livingstone, mtu anayesikika akipiga ukelele ni Susi, mtumishi wake Mwafrika, aliyekuja mbio kumwambia kwamba amemwona Mwingereza. Nimekwisha kusimama pale Ujiji penye mnara, na wageni wote niliowakuta walikuwa wakiirudia salamu ya Stanley. Habari ya Susi hawakuwa wamepata kuisikia.

Kwa sasa kazi yangu imekuwa ya polepole, na baadhi ya wateja wamenikimbia kwa sababu hiyo, jambo ambalo nalielewa, maana huku kwetu mwandishi wa kumbukumbu mara nyingi hulipia uchapaji kwa kiinua mgongo chake mwenyewe na kila wiki ya ziada anaihesabu. Mswada ukija, kwanza nauandikia orodha ya watu wote waliotajwa kwa ubaya, kisha natafuta walio hai, na kwa waliokufa natafuta mtoto au ndugu. Nawasomea sentensi kwenye simu, neno kwa neno, bila kuipamba. Wengine hukata simu, na wengine husema ni kweli na tena mmepunguza. Wapo pia waliosema subiri, kisha wakaja na karatasi. Majina yakibadilishwa au mazungumzo yakijengwa upya sina ugomvi, mradi ukurasa wa mwanzo uwaambie wasomaji hivyo. Na wino mwekundu siuweki tena juu ya *nadhani*.

Kuhusu yule dada, tulifanya tulichoweza, nacho hakikutosha. Nakala 140 zilikuwa bado stoo. Tulichapa kikaratasi cha masahihisho chenye jina la baba yake, tarehe ya kifo chake na maneno ya mwandishi ya kuomba radhi, tukakibandika kwa gundi kwenye ukurasa ule, nakala moja baada ya nyingine, yeye akiwa amekaa nasi mezani akibandika pia. Nakala 360 zilikuwa zimekwisha kuuzwa au kugawiwa katika wilaya ileile ambako baba yake amezikwa. Alipoondoka aliomba apewe vikaratasi vilivyobaki na chupa ya gundi.

Hunipigia simu mara mojamoja. Anaposikia kwamba nyumba fulani wanacho kitabu, huenda, hubisha hodi, hujitambulisha kuwa binti wa fulani, na huomba aonyeshwe ukurasa. Mwezi uliopita alikuwa amefikisha nyumba ya kumi na tisa. Aliniambia kwamba pale mzee wa nyumba alivaa miwani, akasoma kikaratasi mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Mimi nilimbeba jeneza, mwanangu. Nilipokisoma kitabu nilijua wamekosea, lakini hakuna aliyeniuliza."